Kinga ya Anayetibu ni Amana ya Anayetibiwa

KHUTBA YA KWANZA

Alhamdulillah. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemjaalia mwanadamu siha na akamfundisha njia za kuihifadhi. Tunamshukuru, tunamtaka msaada, na kwake tunatubia. Nashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, hana mshirika. Na nashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, sahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na kabla yenu naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kwani amefuzu mwenye kumcha, na amekhasirika mwenye kughafilika.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na katika mabweni ya vyuo: Ijumaa ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda mtu akalidhania kuwa si la mimbari. Ni jambo la sindano ya chanjo, na hasa chanjo wanayotakiwa wapate vijana wetu wanaosomea uuguzi na utabibu wa meno, kabla hawajaruhusiwa kumkaribia mgonjwa. Mtu atasema, hilo ni la daktari, la sheikh ni lipi? Nami nitamjibu: pale penye uhai wa mtu, penye ahadi, na penye ushahidi wa kweli au wa uongo, hapo pana dini.

Sababu ya kulileta jambo hili ni kwamba lilibisha hodi nyumbani kwetu. Binti wa kaka yangu alipata nafasi katika chuo cha afya kusomea kumsaidia daktari wa meno. Tulifurahi, tukasoma dua, mama yake akagawa maandazi kwa majirani. Katika barua ya kukubaliwa mlikuwamo karatasi ya masharti, na mojawapo lilisema kwamba mwanafunzi asiye na uthibitisho wa chanjo ya homa ya ini hataingia katika mafunzo ya vitendo hospitalini. Karatasi ile ikawekwa kabatini. Kaka yangu alisema, "Sisi tumekua bila ya sindano hizi na Mwenyezi Mungu ametulinda." Miezi ikapita. Zilipobaki wiki tatu za kwenda hospitalini, binti akaulizwa kadi yake, hana. Akatokea mwenzake mmoja akamwambia kwamba yuko mtu anayeweza kumpatia kadi iliyokwisha kugongwa mihuri yote mitatu, bila ya kuchomwa hata sindano moja.

Binti huyo akaja kwangu jioni, baada ya sala ya Alasiri, akaniambia, "Ami, nikiikosa nafasi hii nitabaki nyuma ya wenzangu. Na ile kadi ni karatasi tu. Nifanye nini?"

Enyi Waislamu, maneno yake yale, "ni karatasi tu," ndiyo yaliyonifanya nipande mimbari hii. Ningependa kila baba na mama, na kila mwanafunzi anayenisikiliza, aijue karatasi ile inashuhudia nini.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Msaidizi wa daktari wa meno husimama karibu na kinywa cha mgonjwa siku nzima. Humkabidhi daktari koleo na vyuma vyenye ncha, huvuta mate na damu kwa mrija, huandaa dawa ya kuzibia jino, na kazi ikisha yeye ndiye anayekusanya vyombo na kuvisafisha. Mashine ya kuchongea jino inapozunguka hurusha maji yaliyochanganyika na mate na damu, yakawarukia walio karibu. Sindano ya ganzi ikishatumika iko wazi juu ya sinia, na mara nyingi mkono unaochomwa ni wa yule anayesafisha, kwa kuwa yuko mbioni ili mgonjwa mwingine aketi kitini.

Na katika damu hiyo huweza kuwamo kijidudu cha homa ya ini aina ya B. Msiichanganye homa hii na ile homa ya manjano inayoletwa na mbu, ambayo wasafiri huchanjwa. Hii ni nyingine. Mtaalamu wa Kimarekani, Baruch Blumberg, na wenzake ndio waliovumbua alama ya kijidudu hiki katika damu katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 yeye akatunukiwa kwa kazi hiyo tuzo ya Nobel. Kijidudu hiki hushambulia ini, na kwa baadhi ya watu hukaa mwilini miaka mingi kimyakimya, mpaka ini likakakamaa au likaota saratani. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi nacho, na kwamba katika mwaka huo mmoja kiliua watu wapatao milioni 1.1. Wengi katika hao walio nacho hawajijui. Mtu anaketi kitini aking'olewa jino, anacheka na daktari, wala hana dalili yoyote.

Kijidudu hiki ni kigumu. Kinaweza kubaki hai nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka juu ya meza au juu ya chuma, muda usiopungua siku 7. Na wataalamu wamekadiria kwamba mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hii, katika kila watu 100 wa namna yake wataambukizwa baina ya 6 na 30. Nani katika sisi angevuka mto kwa mtumbwi ambao katika kila safari 100 huzama mara 6, wacha mara 30, akasema kwamba hiyo ndiyo tawakali?

Chanjo ya homa hii ilianza kutumika mwaka 1981. Kwa mtu mzima, kwa kawaida huchomwa mara tatu begani: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu ikitimia miezi sita. Kisha baada ya mwezi mmoja au miwili hupimwa damu ya mhudumu wa afya, ili ijulikane kama mwili wake umeipokea kinga; kwani wapo wachache ambao miili yao haiipokei mara ya kwanza, nao huchanjwa tena. Basi hesabuni wenyewe: miezi sita ya sindano, na zaidi ya hapo ya kipimo. Ndiyo maana karatasi ile haifai kuwekwa kabatini. Ipo ratiba ya haraka kwa mwenye dharura, lakini hiyo ni kwa amri ya daktari, na nayo ina sindano yake ya kukamilishia mwakani.

Sasa tuje katika dini yetu inasemaje. Ziko hoja tatu zinazosikika mitaani, na kila moja yastahili jibu la adabu.

Hoja ya kwanza ni ya kaka yangu: kwamba anayemtegemea Mwenyezi Mungu hana haja ya kinga. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nani aliyemtegemea Mola wake kuliko Mtume wetu (S.A.W.)? Naye siku ya Uhud alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Bedui alipomwuliza kuhusu ngamia wake, amwache bila ya kumfunga na amtegemee Mwenyezi Mungu, alielekezwa kwanza amfunge, kisha ategemee. Na Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham akafika mahali paitwapo Sargh, alipata habari kwamba tauni imeingia nchi ile. Akataka shauri kwa sahaba, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari moja kwenda katika kadari nyingine, nazo zote ni za Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia, Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu kwa kuwa shauri lake limeafikiana na mafunzo hayo.

Hoja ya pili husema: dawa ni ya mgonjwa, na mimi si mgonjwa; vipi nijidunge hali ni mzima? Jibu lake limo katika hadithi mashuhuri ya tende saba za ajwa, ambazo Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye kuzila asubuhi hukingwa siku ile na sumu na uchawi. Wanazuoni wa zama zetu wameitolea dalili hadithi hiyo, kwamba inajuzu mtu ajikinge na madhara kabla hayajamfika. Na Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, lilipitisha kwamba mwenye mamlaka anaweza kulazimisha tiba katika baadhi ya hali, kama vile maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga. Na sisi wenyewe tunalijua hili kwa vitendo. Nani katika mahujaji wetu aliyekwenda Makka bila ya kadi ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo? Maradhi hayo yalizuka katika Hija ya mwaka 1987, na baadaye chanjo yake ikawa sharti la kuingia; nayo yatakiwa ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili, ili mwili upate kuwahi kujenga kinga. Hujaji huinyoshea mkono sindano ile huku akileta talbiya moyoni, kwa kuwa anajua atasimama bega kwa bega na wageni wa Mwenyezi Mungu. Basi yule atakayeinamia kinywa cha mgonjwa, je, hayuko karibu zaidi kuliko bega kwa bega?

Hoja ya tatu ni ya khofu: ati ndani ya chanjo mna najisi, au mna kitu cha kukata uzazi. Ndugu zangu, ni haki ya Muislamu kuuliza kinachoingia mwilini mwake, na mwenye kuuliza asikemewe. Chanjo ya kwanza ya mwaka 1981 ilitengenezwa kutokana na maji ya damu ya wanadamu yaliyosafishwa. Lakini tangu mwaka 1986 ilipatikana njia nyingine, nayo ndiyo iliyoenea leo: kipande cha ganda la kijidudu hutengenezwa ndani ya hamira, na nyingi ya chanjo hizo hutumia hamira ya jamii ileile inayoumulia mikate na maandazi yetu. Hamna ndani yake kijidudu kizima wala kilicho hai. Ni ganda tu, ili mwili ulijue adui kwa nguo zake. Na kuhusu uzazi, chanjo hii imetiwa katika chanjo za watoto wachanga Kenya tangu mwaka 2001 na Tanzania tangu mwaka 2002. Watoto wa kwanza wa miaka hiyo leo ni watu wazima, na miongoni mwao wamo waliokwisha kuoa, kuolewa na kupata watoto. Tunaishi nao, tunawaona, na akika za watoto wao tumekula.

Naongeza suala la wanafunzi: ikiwa sindano ya pili imeangukia Ramadhani, je, saumu inabatilika? Sindano ya msuli isiyokuwa ya lishe haifunguzi, na hivyo ndivyo wengi wa wanazuoni wa leo walivyofutu. Na binti mwenye kustahi akaombe achomwe na mwanamke. Akikosekana, kufunua sehemu ndogo ya bega kwa haja ya tiba hakuna ubaya.

Sasa narejea kwenye ile kadi ya mihuri mitatu, kwani hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Nilimwambia binti yetu: Mwanangu, kadi ile ni shahidi. Inasimama mbele ya mwalimu wako na kusema kwamba mtu huyu hana hatari kwa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe haioni. Amelala chali, kinywa wazi, macho kayafumba, mtoto wake kamshika mkono. Hana njia ya kukuuliza wewe una nini katika damu yako, na wala haingii akilini mwake kuuliza. Amewaachia chuo na hospitali wamwulizie. Ukileta kadi ya uongo, umemnunulia shahidi wa uongo mtu asiyeweza kujitetea. Nawe unajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.), alipokuwa akiyataja makubwa ya madhambi hali ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo alikaa sawasawa, akawa anakariri mpaka sahaba wakatamani lau angenyamaza.

Tena nikamwambia: Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kujitia kutibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huyo hudhamini madhara anayoyaleta. Wewe chuo kinakusomesha ili uingie katika mlango huo kwa haki. Usiingie kwa dirishani.

Akalia kidogo, akaondoka. Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa masomo akasema kweli: sijachanjwa, na kosa ni letu nyumbani. Wenzake walikwenda hospitalini, yeye akabaki. Alichomwa ya kwanza, akangoja. Ya pili, akangoja. Ya tatu, akapimwa. Alichelewa karibu mwaka mzima, na sitaki kukudanganyeni kwamba halikumuuma. Lilimuuma, na lilimgharimu kaka yangu ada ya muhula. Lakini leo anapoweka mkono wake juu ya bega la mgonjwa kumtuliza, anauweka mkono wa mtu mkweli.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nitakuhadithieni kisa kimoja cha kweli, kisha niwausie.

Mnajua kwamba ndui, maradhi yaliyowaua mababu zetu na kuwapofua wengi, hayapo tena duniani. Mtu wa mwisho kuyapata kwa njia ya kawaida alikuwa Muislamu wa pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, katika mji wa Marka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Jina lake Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali. Wafanyakazi wa hospitali ile walitakiwa wachanjwe. Yeye aliogopa sindano, akaikwepa. Siku moja likaja gari limebeba watoto wawili wenye ndui, dereva akiuliza njia. Ali akapanda kuwaonyesha njia. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alifariki. Na siku chache baadaye Ali akashikwa na homa, kisha vipele vikamtoka.

Mwenyezi Mungu alimnusuru, akapona, wala hakumwambukiza mtu mwingine. Mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Lakini tazameni alilolifanya Ali baada ya hapo. Hakuficha kosa lake. Somalia ilipokuwa ikipigana na maradhi ya kupooza, alijitolea kwenda kwa wazazi wenye khofu, akiwaeleza kwamba yeye aliikimbia chanjo na yaliyompata ni haya. Katika kazi hiyo ndimo alimofariki, kwa malaria, Julai 2013. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wapo watakaosema, yule hakuwa daktari wala muuguzi, alikuwa mpishi tu. Na hilo ndilo funzo. Sharti la chanjo halitazami cheo. Linatazama nani yuko karibu na maradhi. Msaidizi anayeosha vyombo vya meno yuko karibu nayo kuliko hata daktari bingwa aliye ofisini mwake.

Baada ya kisa hicho, nina nasaha kwa watu wa namna nne.

Enyi wazazi. Mtoto akipata barua ya chuo cha afya, someni masharti yote siku ileile, na wiki ileile mpelekeni kituo cha afya. Itafuteni kadi yake ya kliniki ya utotoni. Mama zetu huihifadhi hati ya shamba na cheti cha ndoa katika sanduku, na kadi ya chanjo ya mtoto huachwa iliwe na mende. Iwekeni pamoja na hati. Na hata kama alichanjwa utotoni, msibishane na chuo kikitaka apimwe damu tena. Kinga ya utotoni huenda imepungua kipimo, na kuhakikisha ni katika kuitimiza kazi vyema.

Walio na vijana Uingereza nao wajue kwamba huko msaidizi wa daktari wa meno, ambaye tangu mwaka 2008 hafanyi kazi kwa daraja hiyo bila ya kusajiliwa isipokuwa yumo mafunzoni, huulizwa zaidi ya homa ya ini: huulizwa surua na rubela, huulizwa tetekuwanga, na huchunguzwa habari ya kifua kikuu. Basi na wajitayarishe mapema.

Enyi wanafunzi. Chanjo ni ngao moja, wala si ngao zote. Homa ya ini aina ya C haina chanjo, na ukimwi hauna chanjo. Kwa hiyo msiache glovu, msiache barakoa na kinga ya macho, wala msirudishe kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Chumeni desturi ya kuitia sindano katika sanduku lake papo hapo. Na mtu akichomwa asione haya akanyamaza. Aoshe pale kwa maji na sabuni, akatoe habari saa ileile, kwani ziko dawa zinazofaa zikiwahiwa. Kuficha ni kujidhulumu nafsi, nasi tumeharimishiwa kujitupa katika maangamizo.

Enyi wakuu wa vyuo na hospitali. Mnapoweka sharti, muweke na njia. Si uadilifu kumwambia mtoto wa mvuvi alete kadi ya chanjo, kisha asipate pa kuchanjwa ila kwa fedha ambazo baba yake hazijui. Mwambieni mwanafunzi siku ya kwanza, na si wiki ya mwisho. Na ikiwa zimepungua fedha, basi nawahimiza wenye uwezo katika jamaa hii na kamati za misikiti: sadaka ya kumlipia mwanafunzi sindano tatu na kipimo chake ni sadaka yenye kuendelea, maana kila mgonjwa atakayehudumiwa kwa usalama ana sehemu yake humo. Na Qur'ani katika Suratul Maida imetufundisha kwamba aliyeiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Na neno la mwisho ni kwetu sisi sote. Katika kupimwa huko atatokea kijana ambaye hakutafuta maradhi, naye akakutwa tayari anayo homa ya ini, pengine tangu alipozaliwa. Mcheni Mwenyezi Mungu katika jambo lake. Homa hii haiambukizwi kwa kula sinia moja, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kukaa safu moja katika sala. Huambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Kijana huyo ana haki tatu juu yetu. Haki ya sitara: siri yake isitembezwe barazani. Haki ya tiba: apelekwe kwa daktari, kwani ziko dawa za kukizuia kijidudu, na si kila mwenye nacho huhitaji kuzimeza. Na haki ya heshima: asifukuzwe masomoni kwa ujinga, bali wataalamu waseme ni kazi ipi aifanye na ipi asiifanye. Na katika ndoa aseme kweli kwa mchumba wake, na mchumba achanjwe. Wala nikaha haiharamiki kwa hilo. Tukiwadhili wanaopimwa, tutawafundisha wengine kuikimbia sindano ya kupima na kuitafuta kadi ya uongo, na dhambi hiyo tutakuwa na fungu letu ndani yake.

Enyi Waislamu, amana ikipotea katika mambo madogo haibaki katika makubwa. Karatasi ya chanjo ni ndogo. Kinachoshuhudiwa ndani yake ni uhai.

Ewe Mola wetu, tuponyeshee wagonjwa wetu, na uwahifadhi mikono yao wanaotutibu. Ewe Mola wetu, wape vijana wetu elimu yenye manufaa na ndimi zenye kusema kweli. Wafungulie njia wasio na uwezo, na uilainishe mioyo ya wenye uwezo. Wape subira walio na maradhi, na uwasitiri duniani na akhera. Uzilinde nchi zetu na miji yetu na kila tauni na kila fitina. Tupe mema ya dunia na mema ya akhera, na utuepushe na adhabu ya moto. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.